Wazimu: kutoka kwa mizimu mpaka "nimepagawa na wewe"

Mtaani kwetu Tanga nilipokuwa mdogo kulikuwa na fundi baiskeli, kijiwe chake chini ya mkungu mkubwa. Siku nyingi alikuwa fundi kweli kweli, anaizamisha tyubu kwenye karai la maji anatafuta povu linapotokea, akiliona anaweka alama, anakausha, anasugua na msasa, anapaka gundi, anasubiri ishike bila haraka yoyote. Halafu zinakuja siku unamkuta kasimama katikati ya barabara anabishana na mtu ambaye nyie wengine hamumuoni, spoku zote kazimwaga chini, na sie watoto tunapita mbali tunapiga kelele "chizi! chizi!" huku tunakimbia. Bibi yangu hakuwahi kumwita chizi. Alikuwa anasema tu, "Leo umempanda, muacheni." Ikifika kesho au keshokutwa anasema, "Umeshuka," na anamtuma mmoja wetu ampelekee uji.

Umempanda nini, na umeshuka kutoka wapi? Hakuna aliyeuliza manake kila mtu alielewa kwamba ni wazimu. Lakini ukilikamata hilo neno ukalichungulia ndani unakuta lina stori ndefu sana, linagusa makaburi, linagusa Mungu wa watu wa Lesotho, na kwa kupitia ndugu zake wengine wa lugha linafika mpaka jangwa la Uarabuni na mpaka kwenye meseji unazomtumia mpenzi wako saa sita usiku. Nataka tulifungue taratibu.

Tuanzie nyumbani. Ondoa hiyo "wa" ya mbele inabaki "zimu". Sasa angalia ukoo wake ndani ya Kiswahili: mzimu, mizimu, kuzimu, zimwi. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, au yule mzee wa ukoo ambaye ameshaondoka ila bado anahesabiwa kuwa yupo, na pia ni mahali pake, pale kwenye mbuyu au pango ambapo watu wanapeleka ubani na kitambaa. Kuzimu ndo kwao. Zimwi ni yule mla watu wa kwenye hadithi, yule wa "zimwi likujualo halikuli likakwisha". Na wazimu? Wazimu ni wao hao hao wa kuzimu, tena kwa wingi wa watu, kama tunavyosema watoto au wageni. Ushahidi mzuri upo kwa majirani zetu Wanyarwanda, wao wanasema umuzimu kwa mmoja na abazimu kwa wengi, na hiyo "aba" yao ndo "wa" yetu, kwahiyo abazimu wao na wazimu wetu ni neno moja lililoachana njia. Kule Rwanda limebaki na maana ya roho za wafu, huku pwani likageuka kuwa ugonjwa.

Kwahiyo mtu wa zamani aliposema "fulani ana wazimu" alikuwa anatoa taarifa: ana watu pamoja naye, wale wasioonekana. Yaani ile ile picha ya fundi wetu anabishana barabarani na mtu tusiyemuona sie, sentensi yenyewe ilikuwa imeshaieleza.

Hapa kuna kitu kidogo cha sarufi ambacho mimi kinanifurahisha mno. Kama wazimu walikuwa ni watu basi ingebidi tuseme "wazimu wamempanda", sivyo? Lakini leo hakuna anayesema hivyo, tunasema "wazimu umempanda". Limehama ngeli kimya kimya! Na ukifikiria unaona kwa nini, manake Kiswahili kina maneno kibao yanayoanza na w ambayo ni ya u, wivu umemjaa, wema umezidi, wizi umeongezeka, sasa sikio likishazoea hayo na imani ya mizimu ikianza kufifia kwa sababu watu wamesilimu au wamebatizwa, neno "wazimu" nalo linavutwa liende kukaa na kina wivu. Kundi la roho likawa kitu kimoja. Waliokuwa wanatembea na mtu wakawa hali iliyo ndani yake. Hakukaa mtu yeyote kwenye kamati akaamua, ni midomo ya watu tu imefanya hiyo kazi.

Ila kitenzi kikagoma kuhama. Bado tunasema umempanda. Kitu kinachopanda ni kitu chenye miguu na nia, mtu anapanda punda, anapanda daladala, pepo anampanda mtu. Kwenye ngoma za pepo huku pwani yule anayepandwa anaitwa kiti, yaani mwili wake ni mahali pa kukalia, na Zanzibar kuna mpaka pepo wa kibuki wanaosemekana wametoka Bukini, Madagaska huko, wakipanda wanataka mambo ya kwao, nguo zao na kinywaji chao. Na malaria je? "Malaria imempanda kichwani." Hasira? "Zimempanda." Ukisikiliza vizuri unagundua mwili wa Mswahili ni kama ngazi, mambo yanapanda na yanashuka.

Sasa toka nje ya Kiswahili uone maajabu ya huo mzizi. Kwa Waganda kuna omuzimu, roho ya marehemu, hapo bado tuko karibu. Kwa Wakamba sauti ya katikati imedondoka wanasema aimu, maana ni ile ile ya mizimu. Kwa Wakikuyu irimũ ni zimwi la hadithi, na Wazulu nao wana izimu, wingi wake amazimu, majitu yanayokula watu. Halafu shuka mpaka Lesotho na Botswana, huko badimo ni mizimu, sawa, lakini Modimo, kwa umoja, ni Mungu. Mungu mwenyewe Muumba! Mmisionari Robert Moffat alipomaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Kitswana mwaka 1857 neno alilotumia kumtaja Mungu ni hilo, kwa tahajia ya wakati ule Morimo, na mpaka leo watu wanasali kwa hilo jina kila Jumapili.

Hebu kaa na hilo kidogo. Mzizi mmoja, Mtswana anausali, Mnyarwanda anawataja nao wazee wake waliokufa, Mzulu anamtishia nao mtoto asiyetaka kulala, na Mswahili anamwambia nao dereva aliyemkatia barabarani, "we una wazimu?" Mimi hii naiona ni moja ya habari kubwa kabisa za lugha zetu za Kibantu na inashangaza kwamba shuleni hatufundishwi, tunafundishwa ngeli kama vile ni jedwali la hesabu wakati ndani ya ngeli kuna historia ya watu walivyoamini.

Na mwendawazimu? Watu wengi wanafikiri ni mtu "anayeenda kwenye wazimu", kama safari. Linganisha na methali, mwenda pole hajikwai. Mwenda pole ni anayekwenda kwa upole, ndo mwendo wake. Basi mwendawazimu ni ambaye mwendo wake ni wa wazimu, anakwenda hivyo. Kwenye tafsiri za Kiswahili za Qurani hili neno ndo limechaguliwa pale mwanzo wa sura ya 68, Al-Qalam, ambapo Mtume anaambiwa kwamba yeye si mwendawazimu, kujibu tuhuma za watu wa Makka. Na kwenye Biblia, Matendo ya Mitume 26:24, liwali Festo anampigia Paulo kelele kwamba ana wazimu, kusoma kwingi kumemgeuza akili.

Hilo la Qurani linatupeleka upande wa pili, manake neno la Kiarabu lililopo pale ni majnun. Na sisi tunalo pia, majununi, wazee wa pwani wanalitumia na utalikuta kwenye mashairi. Mzizi wake ni herufi tatu, jim na nuni mbili, na kazi ya huo mzizi ni kufunika, kuficha. Ndo maana jini anaitwa jini, ni kiumbe kilichofichika na macho. Janna, pepo ya akhera, asili yake ni bustani iliyofunikwa na miti mpaka ardhi haionekani. Janini ni mtoto aliye tumboni, kafichwa. Mijanni ni ngao, inamficha askari. Na majnun ni mtu aliyefunikwa, au aliyeingiliwa na jini, Waarabu wenyewe wanazisikia zote mbili kwa pamoja.

Unaona kilichotokea? Waarabu jangwani na Wabantu msituni, watu ambao wakati maneno haya yanazaliwa walikuwa hawajuani kabisa, wote walipomuona mtu anaongea na asiyeonekana wakatoa jina kutokana na huyo asiyeonekana. Mmoja kasema ana wafu, mwingine kasema ana jini. Halafu pwani yetu ikawakutanisha, kwahiyo Mswahili anayo yote mawili mfukoni.

Na hata neno akili tumelichukua Uarabuni, nalo lina picha yake. Asili yake ni kumfunga ngamia kamba mguuni asizurure usiku, ile kamba inaitwa iqal, na ile kamba nyeusi ya duara ambayo wanaume wa nchi za Ghuba wanaivaa juu ya kilemba cha kichwani ina jina hilo hilo. Akili ni kamba. Sasa sikia tunavyosema huku kwetu mtu akichanganyikiwa: "karukwa na akili". Akili zimemruka, zimeondoka zenyewe, kama ngamia aliyekata kamba. Sidhani kama aliyeanza kusema hivyo alikuwa anawafikiria ngamia, lakini zile picha mbili zimekaa vizuri utadhani zilipangwa.

Nikisema majununi siwezi kumruka Qays. Huyu ni Qays ibn al-Mulawwah, mshairi wa kabila la Banu Amir ambaye habari zake zinawekwa kwenye karne ya 7, alimpenda Layla tangu wakiwa wadogo, akaanza kumtaja kwenye mashairi waziwazi, baba yake binti akaona ni aibu akakataa ndoa, binti akaozwa mtu mwingine. Qays akaacha watu akaenda kuishi nyikani na wanyama. Watu wakaacha kumwita jina lake, wakawa wanamwita Majnun tu, mpaka leo ndo jina lake. Kuna beti zake maarufu anasema anapita kwenye nyumba za kina Layla anabusu ukuta huu na ukuta ule, na kilichomteka moyo sio kuta, ni aliyekuwa anakaa humo. Mwaka 1188 mshairi Nizami wa mji wa Ganja akaiandika hiyo habari kwa Kiajemi kwa maelfu ya beti na kutoka hapo ikaenea dunia nzima ya Kiislamu.

Kwa nini namleta? Kwa sababu kwake ndo neno la ugonjwa lilipogeuka kuwa neno la sifa. Masufi, wale Waislamu wa njia ya kiroho, wakamchukua Majnun kuwa mfano wa mja anayempenda Mungu mpaka kila anachokiona anamuona Yeye. Yaani tusi likawa cheo. Kushikwa na kitu kimoja mpaka vingine vyote vinapotea, Kiswahili hakina neno moja lililotulia la hali hiyo, tunaazima kwenye wazimu: wazimu wa mapenzi, kichaa cha mpira, "anampenda kichizi". Na neno kubwa kuliko yote kwa hilo siku hizi ni kupagawa.

Kupagawa nako kuna chimbuko zuri. Kupagaa ni kubeba mzigo begani. Ndo tumepata mpagazi, wale wanaume wa misafara ya karne ya 19 waliokuwa wanatoka bara, Unyamwezi huko, na pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, na kurudi na vitambaa na shanga. Neno hilo hilo likatumika kwa pepo, pepo kampagaa, yeye kapagawa. Mimi kichwani napata picha ya begani, kitu kimemkaa mtu begani na hawezi kukitua, kama mpagazi asiyefika Bagamoyo. Sasa chukua simu yako utafute meseji za mapenzi, "nimepagawa na wewe", au mtangazaji kwenye taarabu anasema ukumbi mzima umepagawa. Pepo ametoka, mzigo umetoka, imebaki ile hali ya kutojimiliki. Na vijana wanaosema "nina mzuka" wakimaanisha nina nguvu na hamu, nao wameokota kwenye njia ile ile, mzuka ni kitu cha kuzuka ghafla usiku, kivuli cha mtu aliyekufa. Tunachekelea nao leo kwenye matamasha.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nasifia tu. Hapana, kuna sehemu inauma na lazima niiseme. Neno likisema kwamba ugonjwa ni wafu au ni pepo, basi dawa nayo inatafutwa kwa wafu na pepo. Angalia degedege. Mtoto akipata homa kali ya malaria akaanza kukakamaa na kutetemeka, jina tulilompa hilo jambo linatokana na dege, ndege mkubwa, na sehemu nyingi za Tanzania watu waliamini kweli kuna ndege au nondo wa usiku aliyepita juu ya mtoto, na kwamba mtoto wa hivyo akichomwa sindano atakufa. Kwahiyo mama kwa mapenzi yote ya dunia anampeleka mwanae kwa mganga akafukizwe, na muda unapita, na malaria ya kichwani haisubiri. Watafiti na wahudumu wa afya wamehangaika na hilo miaka mingi, na walichogundua ni kwamba ukimwambia mama "hakuna degedege, ni ushirikina" anakuacha, ila ukimwambia "degedege ni malaria iliyopanda kichwani, mlete haraka" anakuelewa, manake hujamnyang'anya neno lake.

Kwa wazimu ni hivyo hivyo, ila wazimu unachukua miaka. Kijana wa miaka 20 anaanza kusikia sauti zinamsema, nyumbani wanasema wazee wa ukoo wamekasirika, inachinjwa mbuzi, anapelekwa kwa huyu, anapelekwa kwa yule wa mbali zaidi, wengine wanafungwa minyororo na kuchapwa eti anachapwa pepo sio yeye. Anayeumia ni yeye. Kuna dawa za hospitali zinazonyamazisha zile sauti na kadiri zinavyoanza mapema ndo kunakuwa na afadhali zaidi. Huwezi kupenda neno mpaka ukasahau mtu.

Halafu hospitali zenyewe nazo tukazigeuza matusi. Nairobi mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili, ndo Mathari ya leo, na Mkenya akitaka kukutukana anakwambia umetoka Mathari. Tanzania ni Mirembe ya Dodoma, "huyu ana faili Mirembe", Zanzibar ni Kidongo Chekundu. Mirembe! Neno ambalo kwa Kiganda maana yake ni amani. Mtu aliyelazwa pale akapona akarudi kwao anajikuta jina la mahali alipotibiwa ndo linalomzuia kupata kazi au mchumba, na wengi kwa kuogopa hilo faili hawaendi kabisa.

Na hapo ndo narudi kwenye tofauti ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Sikiliza: "ana wazimu", "umempanda", "karukwa na akili", "kapagawa", "kachanganyikiwa". Kote humo mtu yupo na jambo limemjia. Anabaki kuwa mtu, kuna kitu kimemkuta, kama mvua ilivyomkuta mwingine njiani. Sasa sikiliza "yeye ni chizi", "yule ni kichaa". Hapo mtu na jambo vimekuwa kitu kimoja. Kichaa lenyewe ni neno la pande mbili, unaweza kusema "ana kichaa" na ni ugonjwa, tunasema mpaka kichaa cha mbwa, na unaweza kusema "ni kichaa" na ukawa umemaliza habari yake yote kwa maneno mawili. Siku hizi kwenye semina tunaambiwa tuseme mtu mwenye changamoto ya afya ya akili, na mimi siipingi hata kidogo, inasaidia, ila ni ndefu na haina joto, na kinachonishangaza ni kwamba kile inachojaribu kufanya, kumtenganisha mtu na ugonjwa wake, kitenzi chetu cha kale kilikuwa kinakifanya bila semina.

Kitenzi cha kupanda kina na mwenzake. Kinachopanda kinashuka. Anayesema "umempanda" ameshaacha mlango wazi kwamba utashuka, na hilo kwa wagonjwa wengi ni kweli kabisa, hali inakuja na kuondoka, kuna miezi mizuri na wiki mbaya. Neno "chizi" halina kushuka.

Fundi wetu alikuja kuchukuliwa na dada yake akapelekwa hospitali, akakaa huko miezi, akarudi amenenepa kidogo na ana karatasi ya dawa aliyoikunja ndani ya mfuko wa shati. Mkungu ulikuwa bado upo. Siku ya kwanza aliyofungua kijiwe nilipeleka baiskeli ya baba mdogo, pancha ya gurudumu la nyuma, na ilibidi nisubiri manake karai lilikuwa limetoboka akaenda kuazima ndoo kwa jirani. Aliizamisha tyubu, akaizungusha polepole, povu likatoka mara mbili, akaniambia, "Ziko mbili hizi, moja usingeiona." Niliporudi nyumbani bibi aliniuliza fundi anaendeleaje. Nikamwambia umeshuka. Akasema, "Kamchukulie na uji basi, anapenda wa pilipili manga."